Wawili Chomboni

Itazame vizuri ramani ya Marekani, utagundua kwamba nusu yake ya mashariki ni kama kisiwa. Upande mmoja kuna Atlantiki, juu kuna Maziwa Makuu, magharibi inateremka mito ya Illinois na Mississippi, na chini imelala Ghuba ya Mexico. Palipokosekana maji, watu walichimba mifereji. Chombo kinaweza kuizunguka nusu hiyo yote, kilomita 9,600 hivi, kikarudi gatini kilipoanzia. Mzunguko huo huitwa Great Loop, na wengi wanaoufanya ni mke na mume waliokwisha kustaafu, wawili tu, bila baharia wa kukodi.

Nawasifu watu hawa, na si kwa sababu ya umbali. Umbali huliwa na dizeli na subira. Ninachokisifu ni ule ufundi wa kukiongoza chombo kimoja kwa vichwa viwili na mikono minne, kwa mwaka mzima, ndani ya maji yasiyofanana leo na kesho.

Kwanza wanajua majira. Masika ya huko hupanda na pwani ya Atlantiki, kiangazi huwa kwenye Maziwa Makuu, majani yakianza kupukutika hushuka na mito, na baridi huwakuta Florida, vimbunga vya Juni hadi Novemba vimeshapita. Mababu zetu wa pwani wangeielewa hesabu hiyo bila kufafanuliwa: majahazi yaliyoletwa na kaskazi yalingoja kusi ndipo yarudi, na nahodha aliyeshindwa kungoja hakuitwa shujaa.

Lakini ufundi wenyewe huonekana kwenye malango ya mifereji. Kati ya mto Tennessee na mto Tombigbee kuna njia ya maji ya kilomita 377, iliyokamilika mwaka 1984, yenye malango kumi. Refu kuliko yote hushusha chombo mita 25 na ushei. Boti huingia taratibu kwenye chumba kikubwa cha zege, dapra zimeshaning'inizwa ubavuni. Mke yuko ukingoni na kamba. Anaipitisha kwenye kigingi cha chuma kinachoelea ndani ya mfuo wa ukuta, anairudisha chomboni, kisha anaishika kwa mkono. Haifungi. Lango la nyuma linafungwa, maji yanaanza kutoka, na ukuta uliolowa, wenye utelezi wa kijani, unazidi kurefuka juu ya vichwa vyao. Kigingi kinashuka nao kikilalamika chuma kwa chuma. Kikikwama, maji yataendelea kushuka huku boti imening'inia kwa kamba, kwa hiyo mkono hauna budi kuiachia mara moja, na kisu kiko karibu endapo mkono utachelewa.

Mume aliyeshika usukani hakioni kigingi hicho. Anachokijua ni kile anachoambiwa. Siku hizi wengi huvaa vipokea sauti vya masikioni, wakazungumza kwa sauti ya kawaida: mbele kidogo, simama, omo inavutwa nje. Wahenga walisema manahodha wengi chombo huenda mrama, na ni kweli, ila hawa wamepata dawa yake. Ndani ya lango, nahodha ni yule anayeuona ukuta. Wakitoka, unahodha unarudi kwenye usukani. Hakuna anayegombania cheo. Wapo pia wanaobadilishana kabisa, mke akashika usukani na mume akashika kamba, na mimi nauona huo ndio mpango bora, maana kamba ndiyo inayotaka misuli, na siku mmoja akiugua, mwingine lazima aweze kukifikisha chombo bandarini.

Kwenye mito mikubwa wanakutana na matishari, kumi na matano yamefungwa pamoja mbele ya boti moja ya kusukuma. Msafara huo hausimami ghafla. Mwenye boti ndogo humwita nahodha wa msafara kwa redio na kumuuliza apite upande gani, akajibiwa kwa kifupi, honi moja au honi mbili, akafuata. Hata maboya yana sharti lake. Mombasa, meli ikiingia kutoka baharini, boya jekundu huliacha kushoto. Marekani huliacha kulia. Nahodha wetu akienda huko na mazoea ya nyumbani, atapwelewa kabla ya jioni.

Kusini mwa Norfolk kuna mfereji ambao nisingependa mtu aupite kwa haraka. Unakata kinamasi cha Dismal Swamp, maji yake yana rangi ya chai ya rangi, na umekuwa ukitumika tangu 1805. Ulichimbwa na watumwa. Moses Grandy, mtumwa aliyekuwa nahodha wa mashua za mizigo kwenye mfereji huo huo, alieleza jinsi wachimbaji walivyofanya kazi ndani ya tope na maji hadi kiunoni. Alilipia uhuru wake mara tatu, maana mabwana wawili wa kwanza walipokea fedha wakamgeuka. Kitabu chake kilitoka London mwaka 1843. Anayesifu ufundi wa maji hayo bila kumtaja yeye amesifu nusu tu.

Kuna sehemu moja ambayo haina ukingo wa kukimbilia. Kutoka Carrabelle hadi Tarpon Springs, mkono mmoja wa Ghuba, ni kilomita 270 hivi za maji matupu, na kwa boti ya mwendo wa pole ni safari ya usiku kucha. Watu hukaa bandarini siku nyingi wakingoja upepo utulie. Wakitoka, hushika zamu: mmoja macho, mmoja amelala. Kulala fofofo chini ya sitaha wakati mwenzako anaendesha gizani, hilo nalo ni ufundi, na halifundishwi kwa siku moja. Tena hesabu ya saa hupangwa wafike jua limeshapanda, kwa sababu karibu na pwani maboya madogo ya mitego ya kaa yametapakaa, na kamba ya mtego ikijizonga kwenye rafadha, injini imekwisha. Mmoja basi husimama omo, ameunyosha mkono, kushoto, kulia, kushoto tena, na aliye kwenye usukani anaufuata mkono huo hadi mlango wa bandari.