Kazi ya Gitaa la Kati

Mtu atakaye kufahamu kwa yakini jinsi nyimbo za dansi za Tanzania zilivyoundwa katika miaka ya 1960 na 1970 hana budi kuyaweka kando kwa muda majina yaliyokwisha kupata fahari yao, kama Salim Abdullah wa Cuban Marimba, Mbaraka Mwinshehe wa Morogoro Jazz na baadaye Super Volcano, na Muhiddin Maalim Gurumo wa NUTA Jazz, akalielekeza sikio lake kwa watu waliosimama nyuma yao: mpiga rizimu, mpiga sekondi solo, mkung'uta besi, na wapulizaji wa tarumbeta na saksafoni, kwa maana hao ndio waliozifanya nyimbo zile zisimame, na hao ndio ambao kumbukumbu ya umma imewapa fungu dogo kuliko stahiki yao.

Hapa Isongole, katika wilaya ya Ileje, mahali ambapo mtu akivuka mpaka huwa amekwisha ingia Malawi, na akishika njia ya Mpemba huelekea Tunduma, muziki huo ulifika kwa redio: redio ndogo, yenye spika isiyozidi kiganja cha mkono, ikiendeshwa kwa betri ambazo zikichoka huanikwa juani zipate uhai wa usiku mmoja zaidi. Hali hiyo inaingia katika uchambuzi wenyewe, kwa sababu redio ya aina ile ina tabia yake. Matangazo ya masafa ya kati na ya masafa mafupi hayapitishi vema sauti nyembamba zinazozidi mitetemo 4,500 hivi kwa sekunde, na spika ndogo haina nguvu ya kuzitoa sauti nzito zilizo chini ya mitetemo 200 hivi. Basi uzi mzito wa gitaa la besi, ambao hutetema mara 41 kwa sekunde, ulipotea karibu wote njiani, na mng'ao wa matuazi ya dramu ukapotea kadhalika kwa upande wa juu. Kilichosalia kikamfikia msikilizaji wa milima ya Ileje ni ile sehemu ya kati, yaani sauti za waimbaji, mdomo wa tarumbeta, na gitaa la rizimu likizunguka bila kuchoka.

Wengi waliokulia katika usikivu huo wamebaki na dhana kwamba muziki wa dansi wa zamani ulikuwa mwepesi, hauna uzito wa chini. Dhana hiyo haina insafu kwa waliorekodi. Uzito ulikuwapo katika kanda, na anayezisikiliza leo kwa chombo kizuri huusikia. Ila wapigaji walikuwa wameupanga muziki wao kwa namna ambayo hata besi ilipopotea wimbo haukuanguka, na ustadi wa kupanga hivyo ulikuwa katika gitaa la rizimu.

Gitaa hilo, katika mikono ya wajuzi wa Tanga na Dar es Salaam, aghalabu halikupigwa kwa kukwangua nyuzi zote sita kwa mpigo mmoja. Mpigaji alilivunja fungu la sauti zinazopaswa kulia pamoja, akazitoa mojamoja, akazipanga katika duara fupi linalorudi baada ya mapigo manne au manane, kiasi kwamba mahadhi yote ya wimbo, ambayo mara nyingi yalijengwa juu ya mafungu matatu tu ya sauti, yaliweza kutambulikana kwa kulisikiliza gitaa hilo peke yake. Nyuzi zake nzito ziligongwa pale pale ambapo besi nayo inagonga au karibu yake. Nyuzi nyembamba zikajaza nafasi iliyobaki. Sikio la binadamu, likisikia sauti za juu za mpangilio uliokamilika, lina uwezo wa kuikisia ile ya chini iliyokosekana, na kwa hiyo msikilizaji wa redio ndogo aliipata besi kwa njia ya gitaa la rizimu, hali hajui kwamba ameipata kwa mkopo.

Katika Jamhuri Jazz ya Tanga kazi hiyo ilikuwa mikononi mwa Harrison Siwale, mtu ambaye jina lake la ukoo ni la kawaida sana katika mkoa wetu wa Songwe, na ambaye alijulikana kwa lakabu ya Satchmo, lakabu ile ile ya Louis Armstrong wa Marekani. Nazipenda rekodi za Jamhuri kuliko za bendi nyingi zilizopata sifa zaidi, na sababu yangu ni ya kifundi: magitaa yake yako wazi, hayakufunikwa na kitu, na anayejifunza anaweza kumfuata kila mpigaji tangu mwanzo hata mwisho bila kumpoteza. Ndani yake utasikia jinsi rizimu isivyongoja kuambiwa na solo la kufanya, bali hutangulia kutandika njia, kisha solo huja juu yake likitembea kwa uhuru, na mpiga sekondi solo akaingiza kifungu kifupi cha sauti mbili tatu kati ya hao wawili, kifungu kisichobadilika kwa dakika nzima, katika nafasi ambayo wenzake wameiacha. Magitaa matatu yakikutana hivyo ni kama miaa ya ukili: mkono uliozoea huisuka bila kuitazama, lakini ukiuchomoa mmoja, mingine yote hulegea.

Na besi nayo ilikuwa na elimu yake, ambayo asili yake ni Kuba. Santuri za namba za GV, zilizotolewa na kampuni ya HMV tangu mwaka 1933, zilizileta katika bandari zetu nyimbo za Kuba, na vijana wa miji ya pwani na ya bara wakajifunza kwazo mambo mengi, na moja lililodumu ni tabia ya besi kukwepa pigo la kwanza. Mpiga besi hutoa sauti ya fungu linalofuata kabla fungu hilo halijafika, kisha pigo la kwanza lenyewe hulipitia kimya. Mchezaji huhisi kwamba ardhi imesogezwa mbele kidogo chini ya mguu wake, na mguu hulazimika kuifuata. Vilevile mpigaji mwema wa besi alijulikana kwa sauti alizoziacha bila kuzipiga. Suleiman Mwanyiro wa Juwata, bendi ambayo kabla ya hapo ilikuwa NUTA Jazz, alikuwa mmoja wa watu hao, na pembeni yake walisimama Abdul Ridhiwani Pangamawe katika rizimu na Said Mabera katika solo. Na ingawa Mabera ametajwa sana, na kwa haki, ni vigumu kuueleza upigaji wake bila kuwataja hao wawili waliompa mahali pa kukanyaga.

Yote hayo yalinaswa kwa namna gani? Idhaa iliyoanza mwaka 1951 kwa jina la Sauti ya Dar es Salaam, ikawa Tanganyika Broadcasting Corporation mwaka 1956, ikageuka Redio Tanzania Dar es Salaam mwaka 1965, na studio yake ndiyo iliyokuwa mahali pakubwa pa kurekodi nchini, kwa kuwa Tanzania haikuwa na kiwanda cha kufyatua santuri na aliyezitaka alizifuata Nairobi. Bendi ilirekodi kwa pamoja, waimbaji na wapigaji, wimbo mzima kwa mkupuo mmoja. Katika kurekodi kwa namna hiyo hakuna kurudi nyuma kurekebisha sauti ya mtu mmoja, na uwiano baina ya vyombo hupatikana kwa umbali wa kila mtu na maikrofoni na kwa kiasi alichoifungua amplifaya yake. Tarumbeta ikikaribia mno humfunika mwimbaji. Rizimu ikizidishwa hulimeza solo. Ikiwa mpiga tumba ameteleza katika dakika ya tano, wote huanza upya.

Faida ya kuupima utaratibu huo huonekana tukiutazama wa mbali. Huko New York palikuwapo mpiga piano kipofu, Lennie Tristano, mzaliwa wa Chicago, aliyefungua shule ya jazi tulivu na kuwalea wanafunzi kama Lee Konitz na Warne Marsh, wapulizaji wa saksafoni. Na nyuma yao walikuwapo watu wasiotajwa sana, kama Billy Bauer wa gitaa, Peter Ind wa besi na Jeff Morton wa dramu. Tristano alitaka besi na dramu ziwe imara na tulivu, zisimkatize mwenye kubuni mahadhi, na katika mwaka 1955 alifika mbali katika nia hiyo, akatumia besi ya Ind na dramu za Morton zikiwa zimekwisha naswa katika utepe, kisha yeye akapiga piano yake juu yake. Matokeo yake ni ya ajabu, na sina haja ya kuyapunguzia thamani. Ila jambo lililo dhahiri ni kwamba katika utaratibu ule mpiga piano humsikia mpiga besi, na mpiga besi hamsikii mpiga piano. Mazungumzo yanakwenda upande mmoja. Studio ya Dar es Salaam, kwa ufukara wa mitambo yake na kwa desturi ya bendi zetu, ilihifadhi mazungumzo ya pande zote: solo likirefusha kifungu, rizimu hukaza, mwimbaji akivuta pumzi, sekondi solo hujibu, na huko kujibizana ndiko kunakozifanya kanda zile zisizeeke.

Tofauti ya pili, hii ikiwa baina ya utepe wa redio na santuri, ilikuwa ya muda. Upande mmoja wa santuri ndogo hubeba dakika tatu au nne, na kwa hiyo wimbo mrefu uliopelekwa Nairobi ulikatwa vipande viwili, sehemu ya kwanza upande huu na sehemu ya pili upande wa pili, na msikilizaji akalazimika kuigeuza santuri pale pale ambapo damu imeanza kuchemka. Utepe wa redio haukuwa na kikomo hicho. Mlimani Park, iliyoundwa mwaka 1978 na watu waliokwisha iva katika bendi nyingine, Gurumo na Abel Balthazar wakiwa miongoni mwao, iliutumia uhuru huo kwa akili kubwa. Mpangaji wake mkuu wa ala alikuwa Michael Enoch, aliyewahi kuwa mpiga solo wa Dar es Salaam Jazz, bendi iliyoasisiwa mwaka 1932, na ambaye huku Mlimani alikuwa akipuliza saksafoni. Nadhani kuyajua magitaa kwa ndani ndiko kulikomfundisha asiyazibe kwa midomo ya bata, yaani saksafoni. Wapulizaji wake huingia baina ya beti, hutamka kifungu chao kwa sauti mbili zinazofuatana kwa karibu, kisha hunyamaza na kuliacha uwanjani gitaa la Abdallah Gama, mpiga rizimu ambaye kila ninapomsikiliza nashangaa jinsi alivyoweza kukaa mahali pamoja kwa dakika nyingi bila kuchosha.

Katika wimbo wa Neema, ambao Cosmas Chidumule aliuimba kwa huzuni iliyowagusa watu wa kila rika, watu hukumbuka sauti, na wana haki. Lakini mtu asikilize mara ya pili, ayaache maneno, alifuate gitaa la kati. Katika nyimbo za Mlimani sehemu ya kwanza husimulia kwa taratibu, na ya pili, iitwayo chemko, huwaita watu kucheza. Na wengi hudhani kwamba katika chemko mwendo unaongezwa. Aghalabu mwendo haubadiliki sana. Kinachoongezeka ni wingi wa sauti katika pigo moja: rizimu hufupisha duara lake, sekondi solo huingia katika nafasi zilizokuwa tupu, besi hupunguza kimya chake, na kasi yote ile huzaliwa katika vidole, wakati saa ya ukutani ingeonyesha kwamba mapigo ni yale yale.

Iwapo msomaji bado anaona kwamba nawatukuza wapigaji hawa kupita kiasi, natoa ushahidi kutoka upande wa pili wa mpaka wa kaskazini. Ndugu Wilson Peter na George Peter Kinyonga walipiga katika Jamhuri ya Tanga kabla ya kuhamia Arusha, kisha wakaingia Kenya na kuanzisha Simba Wanyika, wakiwa wamebeba ule upigaji wa magitaa ya Tanga. Mwaka 1978 baadhi ya wapigaji walijitenga nao, na waliojitenga walikuwa hasa watu wa nyuma: Omar Shabani, aliyeitwa Profesa, mpiga rizimu, Tom Malanga, mpiga besi, Rashid Juma, mpiga dramu. Viongozi wawili wenye sauti na solo walibaki na jina la bendi. Hao wa nyuma wakaunda Les Wanyika, John Ngereza akawa mwimbaji wao, na wimbo wao wa Sina Makosa ukaenea Afrika Mashariki yote. Ukiusikiliza, utaona kwamba besi ya Malanga imepewa nafasi ambayo bendi nyingi hazikumpa mpiga besi, na rizimu ya Profesa imeachwa ikizunguka peke yake kwa muda mrefu kabla mwenzake wa solo hajadai zamu yake. Maana waliokuwa wakiupanga wimbo mara hii walikuwa ndio wale wale waliozoea kuwapangia wengine mahali pa kusimama.