Wagomvi kwenye Maikrofoni Moja

Kitabu hiki nilikinunua kwa wauza vitabu vya mitumba pale Posta, Dar es Salaam. Pembeni mwa ukurasa mmoja, mmiliki wake wa kwanza alikuwa ameandika kwa penseli, kwa hasira iliyokaribia kutoboa karatasi: "Muongo huyu!" Aliyekuwa akitukanwa ni Billy Dunne, mwimbaji wa bendi ya roki ambayo haijawahi kuwepo duniani. Nikajua nimepata kitabu. Mtu hamgombezi mhusika wa karatasini mpaka awe ameshamwingia moyoni.

Kitabu chenyewe ni Daisy Jones & The Six, riwaya ya Mmarekani Taylor Jenkins Reid iliyotoka mwaka 2019. Ni ndugu wa zile riwaya za mapenzi ambazo wengine wetu tunazisoma huku tumezifunika kwa gazeti: wawili wanaanza kwa kuchukiana, halafu wanaishia kutafutana. Hapa wanaochukiana ni waimbaji wawili wa miaka ya 1970, Los Angeles. Billy ameacha pombe na dawa za kulevya kwa taabu, ana mke na watoto, na bendi anaiendesha kama shamba la baba yake. Daisy hana wa kumwambia lala. Anakunywa, anameza vidonge, na kipaji anacho cha kumwaga.

Sasa tazama ufundi. Billy ametunga wimbo wa kumwahidi mkewe kwamba maisha yao yatakuja kuwa mazuri. Prodyuza anaona kuna kitu kimepungua, anamwita Daisy aje aimbe naye. Daisy anaingia studio na kubadilisha maneno machache tu. Pale Billy aliposema yatakuwa, yeye anauliza: je, yatakuwa? Billy anafura. Wimbo unatoka, unavuma kuliko chochote walichowahi kufanya.

Nimeirudia sehemu hiyo mara tatu nikijiuliza Billy amekasirikia nini hasa. Maneno yaliyobadilika hayazidi pumzi moja. Kilichomchoma, naona, ni kwamba yule mwanamke asiyempenda ameisikia hofu aliyoifukia chini ya ahadi yake. Mke aliupokea wimbo kama zawadi, wenzake wa bendi waliupokea kama kazi. Mgeni ndiye aliyeusikiliza.

Hapo ndipo riwaya za namna hii zinaposimama au kuanguka. Adui akiandikwa vizuri ni msikilizaji hodari kuliko rafiki. Jane Austen alilijua hilo tangu mwaka 1813: katika Pride and Prejudice, Elizabeth anapomkataa Darcy, anamwambia kwamba hakuwa na mwenendo wa kiungwana, na miezi baadaye bwana yule bado anayakumbuka maneno yenyewe jinsi yalivyotamkwa. Waliokulia kwenye taarabu hawahitaji kufundishwa. Kijembe kinachouma ni kile kilichokatwa kwa kipimo chako.

Kwa nini wanamuziki, basi, na si mawakili au madaktari? Kwa sababu ya pumzi. Wawili wanaoimba kwa sauti mbili sharti wavute pumzi pamoja, wafungue irabu pamoja na kuifunga pamoja. Mmoja akichelewa, ukumbi mzima umesikia. Ofisini unaweza kumnunia mwenzako mwaka mzima na kazi ikaenda. Kwenye maikrofoni moja huwezi, lazima umtazame mdomo. Ndiyo maana Reid hahitaji kubuni mvua wala gari bovu la kuwakutanisha watu wake. Ziara inatosha: basi, hoteli, jukwaa, wimbo uleule kila usiku, na maelfu ya watu wanaolipa kuwaona wakikodoleana macho.

Mbegu ya riwaya hii Reid aliiokota mahali halisi. Ameeleza mwenyewe kwamba akiwa msichana aliwaona kwenye televisheni Stevie Nicks na Lindsey Buckingham wa Fleetwood Mac, katika onyesho la The Dance la mwaka 1997. Wawili hao waliachana bendi ikiwa inatengeneza Rumours, albamu ya mwaka 1977 iliyouza nakala zaidi ya milioni 40, kisha wakaendelea kusimama jukwaani na kuimbiana nyimbo za kuachana kwao. Wale walitoka kwenye mapenzi wakaenda kwenye ugomvi. Reid kaigeuza njia.

Hata umbo la kitabu ni la kigomvi. Kimeandikwa kama mahojiano: kila mtu anasimulia kwa mdomo wake, na usiku uleule Billy anaukumbuka hivi, Daisy vile. Ile penseli niliikuta pale Billy anaposisitiza kwamba hakuwa na lolote moyoni. Mwandishi hakumsuta, amemwacha aseme na kuendelea. Kazi ya kumsuta ameturithisha sisi.

Zipo riwaya mbovu nyingi za aina hii, nami nimezisoma. Mwanamume anakuwa mkatili kurasa 200, halafu tunaambiwa alifiwa na mama utotoni, basi tumsamehe. Au uadui wenyewe ni wa kutoelewana tu, ambao ujumbe mmoja wa simu ungeumaliza siku ileile. Na Reid naye ana kasoro zake: malalamiko ya wapiga vyombo wengine yananichosha, kuna kurasa nimezipita mbiombio.

Asiyetaka kuujua mwisho aruke hapa. Daisy na Billy hawaoani. Billy anabaki na mkewe, na miaka mingi baadaye ni mke huyohuyo, kabla ya kufa, anayeacha maneno kwamba mumewe aambiwe ampigie Daisy simu. Hatuonyeshwi simu ikiita. Kwenye kurasa hizo mwenzangu wa penseli hakuandika kitu.

Nakala yangu siiazimishi. Nenda Posta asubuhi, jua halijawa kali, na ukikuta nyingine ifungue kwanza uone kama kuna mtu aligombana nayo. Ikiwa safi tupu, nunua hivyohivyo, lakini nenda na penseli yako.