Ujirani wa Rangi

Tangu Union Minière ilipoasisiwa mwaka 1906, watu wa nchi hii ya Lualaba wamezoezwa kuyahesabu mawe kwa tani, na baada ya tani kwa fedha, hata imekuwa nadra kumsikia mtu wa Kolwezi akilisifu jiwe kwa rangi yake. Ilhali mawe hayo, kabla hayajawa bidhaa na kabla hayajawa sababu ya faida na husuma, ni rangi tupu. Malakiti ni kijani juu ya kijani, tabaka kwa tabaka, moja ikikoza na nyingine ikififia. Azuriti ni buluu ya nili. Krizokola ina rangi ya feruzi, kupriti ni nyekundu inayoelekea damu ya mzee, na heterojeniti, ambayo kwa ajili ya kobalti yake dunia nzima imeijua njia ya kufika kwetu, ni jiwe jeusi lisiloonyesha kwa nje hata chembe ya buluu iliyositirika ndani yake. Nakusudia kuisifu hapa kazi ndogo iliyonifundisha kuyatazama mawe haya upya, nayo ni kazi ya kutunga shanga.

Sizitungi kwa tijara. Wapo wanaopata riziki kwayo, na Mungu awazidishie, lakini mimi huketi na sinia langu alasiri, baada ya shughuli nyingine kwisha na kabla jua halijashuka, nikatunga leo kidani, siku nyingine kikuku, au utunda kwa binti wa jamaa anayekaribia kuolewa. Nataja alasiri kwa makusudi, kwa sababu rangi huchaguliwa kwa nuru ya jua. Shanga mbili zilizofanana kabisa chini ya taa huweza kutengana vibaya mno zinapotoka nje asubuhi, moja ikabaki samawati na ya pili ikageuka kijivu, na hakuna ustadi wa sindano unaoweza kuzipatanisha tena. Bwawa la Nzilo, ambalo Union Minière ililijenga mwanzoni mwa miaka ya 1950 na kuliita kwa jina la msafiri Delcommune, limezuia mto mkubwa na kutoa umeme mwingi, nasi tunaushukuru. Hata hivyo mtungaji wa shanga hana budi kulingoja jua.

Jambo la kwanza ambalo kazi hii humfunza mtu, na pengine ndilo kubwa kupita yote yanayofuata, ni kwamba rangi haina uzuri wala ubaya kwa nafsi yake, bali huupata kwa jirani yake. Manjano iliyo kando ya nyeusi huwaka. Manjano hiyohiyo ikiwekwa kando ya nyeupe huchoka kama mgonjwa. Nyekundu ikizungukwa na kijani hupiga kelele, na ikizungukwa na hudhurungi hunyamaza na kuwa na heshima. Nimepata kuuchukia ushanga fulani wa urujuani kwa muda mrefu, nikiuona hauna kazi yoyote duniani, mpaka ulipoangukia kwa bahati kati ya shaba na rangi ya maziwa, na tangu hapo sijaacha kuutafuta sokoni.

Mfaransa Michel Eugène Chevreul, mtaalamu wa kemia, aliyekuwa msimamizi wa utiaji rangi katika karakana ya mazulia ya Gobelins mjini Paris, aliletewa malalamiko kwamba nyeusi ya nyuzi zao imepauka. Aliichunguza dawa ya rangi akaiona haina kasoro. Kasoro ilikuwa katika nyuzi zilizofumwa kando yake, kwa maana ziliifanya nyeusi ionekane dhaifu, na kutokana na shauri hilo dogo aliandika kitabu kikubwa kilichotoka mwaka 1839 kuhusu kanuni ya rangi zinazokaribiana, ambacho wachoraji wa Ulaya walikisoma kwa bidii. Namsifu kwa dhati. Lakini yeyote aliyetunga shanga mistari mitatu ameshaionja elimu hiyo kwa vidole vyake, na wenyeji wa mabonde haya waliijua kwa namna nyingine kabla ya kitabu hicho kufika kwao.

Shuhuda wa neno hilo ni lukasa ya Waluba. Ni ubao wa kushikwa mkononi, uliochongwa na kupambwa kwa shanga na makombe, wa watu wa chama cha Mbudye, ambao kazi yao ilikuwa kuhifadhi tarikhi ya ufalme. Mwenye elimu hiyo aliushika ubao kwa mkono wa kushoto, akaupapasa kwa kidole cha mkono wa kulia, huku akisimulia: hapa palikuwa na makao ya mfalme, hapa pana ziwa, huku ndiko alikopita shujaa Kalala Ilunga. Ushanga mkubwa uliozungukwa na wadogo huweza kuwa mtawala na watu wake. Mstari wa shanga huweza kuwa njia au safari. Hakuna ushanga hata mmoja katika ubao huo wenye maana moja iliyofungwa kwake peke yake. Maana hutoka katika nani yuko kando ya nani, wa rangi gani, kwa umbali gani, na msimulizi mwingine, siku nyingine, mbele ya baraza jingine, akiupapasa ubao uleule, huweza kutoa habari nyingine isiyokuwa ya uongo. Hata katika masimulizi yenyewe rangi ina mahali pake: Nkongolo, mtawala mkatili, ni mwekundu na jina lake ni la upinde wa mvua, na Mbidi Kiluwe, mwindaji mwenye adabu, baba yake Kalala Ilunga, ni mweusi wa kung'aa. Sijui kazi nyingine ya shanga iliyobeba amana kubwa kiasi hicho.

Tena shanga zilikuwa fedha. Misafara iliyotoka Unguja na Bagamoyo ilizibeba kwa mizigo, zikihesabiwa kwa kete, na kete kumi zikifanya fundo moja. Na Stanley, alipokuwa akijitayarisha Unguja mwaka 1871 kwa safari ya kumtafuta Livingstone, alitaabika sana kuzichagua, kwa kuwa rangi iliyokuwa mali katika nchi moja haikuwa kitu katika nchi ya pili. Nyeusi zilipokewa Ugogo na hazikupokewa kwingine. Shanga ziitwazo sungomaji zilitakiwa Ujiji na Uguha, ng'ambo ya ziwa Tanganyika, zikakataliwa penginepo. Merikani nyeupe zilipendwa Ufipa, zikadharauliwa Ukonongo. Na zile nyekundu za samsam zilipendwa na wanawake wa bara mahali pengi. Wasafiri wa Kizungu waliliandika jambo hili kwa uchovu, kana kwamba ni ukaidi wa watu wa bara. Mimi naliona ni ushahidi kwamba watu hao walikuwa na macho, na kila nchi ilikuwa na udongo wake, nguo zake na mapambo yake ya zamani, ambavyo ushanga mgeni ulipaswa kukaa navyo kwa masikilizano.

Kwetu ulikuta shaba. Makaburi ya kale ya Sanga, kando ya ziwa Kisale ambalo Lualaba hulifikia baada ya kutoka huku kwetu, yalichimbuliwa mwaka 1957 na 1958, na ndani yake wataalamu walikuta misalaba ya shaba, bangili, mikufu, na shanga pia. Msiri wa Bunkeya, aliyeuawa mwaka 1891, alikusanya shaba na pembe, na wafanyabiashara wa pwani wakamletea shanga na nguo. Ajabu ya biashara hiyo, ambayo hunirudia kila ninapofungua kopo la shanga za buluu, ni kwamba kioo hupata rangi yake kutokana na madini ya jinsi ileile tunayoikanyaga: kobalti kidogo mno hutosha kukipa buluu nzito, na shaba hukipa feruzi, na ikipikwa kwa hewa haba hukipa nyekundu. Mafundi wa Murano karibu na Venice, waliozipeleka shanga kwa makasha hadi Afrika, walikuwa na kobalti yao kutoka kwingine. Lakini hesabu ya maumbile ni moja, na mwanamke wa Bunkeya aliyeivaa buluu ile shingoni alikuwa amesimama juu ya buluu nyingi kuliko iliyopata kuonekana Venice.

Kuhusu kazi yenyewe, machache yatatosha. Shanga hupimwa kwa namba, na namba ikizidi ushanga hupungua, hivi kwamba namba 11 ni ndogo kuliko namba 8. Na anayeanza aikimbie namba 11 mpaka vidole vitulie. Shanga zipenyazo nuru si sawa na zile zinazoizuia: ukiutia ushanga wa kioo safi katika uzi mweusi umeshapata rangi nyingine, na katika uzi mwekundu ya tatu, nayo ni njia rahisi ya kulitajirisha sinia bila gharama. Waya wa shaba husafishwa kwa ndimu na chumvi, ukarudi kung'aa. Malakiti isiguswe na ndimu kamwe, kwani tindikali hulila jiwe hilo na kuuondoa mng'aro wake. Vijana wa Kolwezi na Lubumbashi wanaolikata malakiti kwa ajili ya mapambo walikate likiwa limelowa maji, kwa sababu vumbi lake si la kuvutwa.

Kazi za vijana hao nazipenda, ila nina neno nao. Mara nyingi huyatunga malakiti peke yake, kijani mwanzo hadi mwisho, na jiwe ambalo tayari lina ujirani mwingi ndani yake likawekwa bila mwenzi wa nje. Nimejaribu kuliweka pamoja na nyeupe, likawa baridi. Pamoja na samsam, zikashindana. Anayelifaa zaidi ni shaba yenyewe, waya uliosokotwa mwembamba kati ya jiwe na jiwe, maana ni damu moja na hudhurungi yake hukiinua kijani bila kukishinda. Kisha nyeusi ya namba 8, mbilimbili, ipate kuyatenga mafungu. Buluu ya kobalti bado haijakubali. Kila nikiisogeza karibu na malakiti mojawapo hufifia, na wiki hii naijaribu mbali zaidi, upande wa kulabu, pamoja na ushanga mmoja wa rangi ya maziwa kati yao.