Swichi tatu, ruta moja: maabara ya mtumba kwa mtihani wa CCNA

Maabara ninayoichambua hapa ina vifaa vinne tu vya mezani: swichi mbili za Cisco Catalyst 2960, swichi moja ya Catalyst 3560 na ruta moja ya 1841. Vyote vilikwisha kutumika maofisini kabla ya kufika kwa mwanafunzi wa Dar es Salaam anayejiandaa kwa CCNA. Idadi hiyo ilipangwa kwa makusudi: pesa iende kwenye swichi kwanza, ruta ifuate. Wengi hufanya kinyume chake, wakaishia na ruta tatu na swichi moja isiyo na mwenzake.

Mazoea hayo yana historia. Kwa miaka mingi CCNA ilidai viungo vya siriali, PPP na Frame Relay, hivyo kadi za WIC-2T na kebo zake nzito zilikuwa za lazima. Mtihani wa 200-301, ulioanza Februari 24, 2020, hauna tena mambo hayo. RIP na EIGRP nazo hazimo katika orodha ya itifaki za kusanidi. Iliyobaki ni OSPFv2 ya eneo moja. Anayenunua kifurushi chenye kadi za siriali leo analipia mtihani uliokwisha kufutwa.

Sababu ya pili ya kutanguliza swichi ni ya kiufundi. Kazi ya ruta kwa sehemu kubwa ni programu, na programu huigizwa vizuri ndani ya kompyuta. Swichi hupitisha data kwa chipu maalumu zilizoundwa kwa kazi hiyo, na viigizi huzifuata kwa kuchechemea. Kwa hiyo chuma kinunuliwe pale ambapo uigizaji ni dhaifu.

Dukani, kazi kubwa ni kusoma. Swichi iwashwe, kebo ya konsoli ichomekwe, kisha iandikwe amri ya show version kabla noti haijatoka mfukoni. Jina la faili la IOS linapaswa kuwa na k9; bila hiyo hakuna SSH, na SSH imo kwenye mtihani. Kwenye familia ya 2960, namba ya modeli inayoishia na L ina LAN Base, na inayoishia na S ina LAN Lite iliyopunguzwa uwezo. Usikubali kuambiwa kwamba programu utaipakua baadaye, maana Cisco huitoa kwa mwenye mkataba wa huduma. Kinachokuja na kifaa ndicho utakachokuwa nacho. Waya wa umeme usikutie wasiwasi. Ule wa kompyuta ya mezani unaingia.

Kifaa kikishafika nyumbani, kinafundisha kabla hata ya somo la kwanza, kwa sababu kinakuja na maisha ya mwenye zamani. Konsoli ikitoa herufi za ajabu, huenda mtu alibadilisha kasi kutoka 9600 ya kawaida. Nenosiri likikataa, kwenye 2960 unazima umeme, unabonyeza kitufe cha Mode huku ukiwasha tena, unaandika flash_init, unalibadilisha jina faili la config.text, kisha boot. Kwenye 1841 unakatiza uwakaji kwa Break, unaweka rejista 0x2142 ili usanidi wa zamani usisomwe, na ukimaliza unairudisha 0x2102. Fundi ambaye hajawahi kufanya hivyo kwa mikono yake atatetemeka siku ya kwanza kazini.

Halafu kuna vlan.dat. Ukifuta startup-config peke yake, VLAN za ofisi ya zamani zinabaki, kwa kuwa zimehifadhiwa kwenye faili hilo ndani ya flash. Lifute, na ufute vyote bila kunakili chochote. Humo mna anwani za ndani za watu, na manenosiri ya aina ya 7 hufumbuliwa kwa sekunde moja. Sikubaliani kabisa na wanaoyaweka kama kumbukumbu. Ofisi iliyoyaacha humo ilizembea, lakini uzembe wake haukupi ruhusa.

Swichi tatu ziliunganishwa kwa umbo la pembetatu, na hapo ndipo fedha iliporudi. Spanning Tree lazima ifunge poti moja ili data isizunguke bila kikomo. Kompyuta ikiwa inatuma ping mfululizo, chomoa kebo ya poti inayoelekea kwa swichi kuu na utazame taa. Kwa PVST+ ya kawaida, poti mbadala hukaa sekunde 15 ikisikiliza na 15 ikijifunza, na ping zinapotea wakati wote huo. Badili kwenda Rapid PVST+, rudia, na pengo linakaribia kutoweka. Zile sekunde 30 za kusubiri mbele ya taa ya rangi ya chungwa haziwezi kusahaulika. Tofauti za modeli nazo zinafunza: 3560 hutaka uandike switchport trunk encapsulation dot1q kwanza, kwani inajua pia ISL, wakati 2960 haina chaguo hilo.

Ruta pekee ilipata jirani wa bure. Kompyuta mpakato kuukuu yenye Linux iliwekewa FRRouting, ikazungumza OSPF na 1841 bila tatizo, kwa sababu itifaki hiyo ni ya wazi na imeelezwa katika RFC 2328 ya mwaka 1998. Jaribio lenye faida zaidi lilikuwa kuharibu makusudi. MTU zikitofautiana, majirani hukwama kwenye ExStart. Vipima muda vya hello visipolingana, ujirani hauzaliwi kabisa.

Kelele za feni ni kubwa, na LUKU haina huruma, hivyo vifaa huwashwa wakati wa zoezi tu. Kwa Wi-Fi hakuna haja ya kununua kidhibiti. Packet Tracer, inayopatikana bure kwa akaunti ya Cisco Networking Academy, inacho, na kwa kiwango hiki kinatosha. JSON ya mtihani nayo husomwa kwenye kompyuta yoyote. Akiba itakayobaki iende kwenye ada ya mtihani, ambayo ni dola 300 kabla ya kodi.