Ganda la Maharage

Fundi hodari wa viungo utamjua kwa kile anachokataa kufanya. Mkalishe mkekani na mtoto wa miaka sita ambaye mkono wake wa kulia umekunjika, kidole gumba kimejificha ndani ya ngumi, na mbele yao kuna maharage ya kumenya. Mtoto anajaribu kupasua ganda kwa mkono wa kushoto, linateleza. Anajaribu kwa meno. Mama anaona huruma, anataka kumsaidia. Fundi anamzuia kwa jicho tu, halafu anangoja. Ganda linataka mkono wa kushika na mkono wa kupasua. Kitambo kidogo, ngumi ile inalegea, inalikandamiza ganda mkekani, na harage la kwanza linaruka.

Kungoja huko ndiko ninakokusifu. Majumbani tunaamini mkono dhaifu dawa yake ni kukandwa mafuta. Kukanda hakuna ubaya, ila kasoro iko kwenye ubongo, mara nyingi tangu mimba au siku za kuzaliwa: hewa ilipungua, au mshipa wa damu uliziba. Upande wa kushoto wa ubongo ukiumia, mkono wa kulia ndio unaodhoofika. Kisha mkono mzima unabeba kazi zote, na ule mwingine unazoea kukaa bure.

Kule Marekani, mtafiti Edward Taub alitumia njia kali: mkono mzima ufungwe, ule dhaifu ulazimike kufanya kazi. Baadaye Andrew Gordon na Jeanne Charles wa Chuo Kikuu cha Columbia wakaja na mazoezi ya mikono miwili kwa michezo na kazi za kawaida, saa 60 hadi 90 katika wiki mbili tatu. Njia zote mbili zina ushahidi. Mimi niko na Gordon, kwa sababu maisha ya Musinzira, mtaa wa Gitega nchini Burundi, ni ya mikono miwili: kumenya ndizi, kukamua nguo, kusuka kapu. Hata ngoma za Gishora, hapo jirani, zinataka fimbo mbili.

Lakini saa 60 zitatoka wapi? Kituo cha taifa cha kinezitherapia, yaani tiba ya viungo, kiko Gitega. Anayetoka Muyinga ana nauli ya kufikiria, na shamba halimngoji. Ndiyo maana fundi ninayemheshimu kuliko wote ni yule anayemfundisha mama kuchagua kazi isiyomalizika kwa mkono mmoja, kisha kutulia. Hilo la pili ndilo gumu.

Wewe mwenye mtoto mchanga, angalia jambo hili: mtoto ambaye hajatimiza mwaka hatarajiwi kuchagua mkono. Akichukua kila kitu kwa mkono uleule, na mwingine umefumba, usisubiri akue. Mpeleke kituo cha afya wiki hii.