Kivu Bila Honi

Wapenda baiskeli, kaeni mkao wa kusikiliza, maana hili siwezi kulinyamazia. Iko barabara ya udongo mwekundu inayojikunjakunja kandokando ya Ziwa Kivu, mita 1,460 juu ya usawa wa bahari, milima upande mmoja, maji ya buluu upande wa pili, na magari hakuna! Narudia: hakuna. Asubuhi nzima nilipishana na pikipiki chache, watoto wa shule, mbuzi, na akina mama waliojitwika vikapu vya parachichi. Ndio hao tu. Anayeendesha baiskeli Nairobi, Kampala au Dar es Salaam, pale ambapo matatu na daladala hukupita jirani na sikio, ataelewa kwa nini mabega yangu yalilegea yenyewe kabla sijamaliza kilima cha kwanza.

Njia yenyewe ni Congo Nile Trail. Inaanzia Rubavu, mji ambao wengi bado wanauita Gisenyi, inashuka kusini hadi Rusizi, kilomita 227, zote ndani ya Rwanda. Upande wa mashariki umesimamiwa na safu ya milima inayogawa maji ya Afrika: tone la mvua likiangukia mteremko wa huku linaingia Kivu, linatoka na mto Rusizi hadi Tanganyika na mwishowe Kongo, likiangukia mteremko wa pili, safari yake ni Nile, hadi Misri. Unapanda baiskeli chini ya paa la bara zima! Si mzunguko kamili wa ziwa, hilo liwe wazi. Ng'ambo ni Kongo, Goma na Bukavu, na vita vya huko bado havijawaacha watu wapumue. Wa kulizunguka ziwa lote asubiri amani. Lakini ufuo huu mmoja unatosha na kubaki.

Kinachonisisimua zaidi ni sababu ya utulivu wenyewe. Zamani mtu wa kutoka Rubavu kwenda Karongi kwa kufuata ziwa alipita kwenye udongo, yeye na lori na kila mwenye haraka zake. Kisha ikajengwa lami ya Kivu Belt, inayounganisha Rubavu, Karongi na Rusizi. Magari yakahamia huko, kwani dereva gani ataacha lami aje kuvunja springi kwenye mawe? Barabara za chini zikabaki mikononi mwa waendao kwa miguu na kwa magurudumu mawili. Kwetu tumezoea kwamba lami ikifika, mwenye baiskeli husukumwa mtaroni. Huku lami imefika, na mwenye baiskeli ndiye aliyeachiwa barabara. Kweli, lami hiyo imemeza vipande vya njia ya awali, na kadiri unavyoshuka kusini ndivyo unavyokutana nayo mara nyingi zaidi. Ndiyo maana nasema bila kusita: mwenye muda mchache achukue nusu ya kaskazini, Rubavu hadi Karongi. Utamu umerundikana hapo.

Sasa baiskeli. Hii ndiyo ardhi ambayo baiskeli za changarawe ziliundiwa: usukani uliopinda wa baiskeli za mashindano, tairi pana, breki za diski, gia nyepesi. Changarawe yenyewe haina sura moja. Kuna vipande vya murram iliyoshindiliwa, laini hadi unasikia tairi zikivuma. Ukikata kona unakuta mawe yaliyochomoza baada ya mvua kuosha udongo, na katikati ya njia kuna mifereji iliyochimbwa na maji, ya kumeza gurudumu la mbele ukizubaa. Tairi za milimita 45, upepo umepunguzwa kidogo, ndizo zilizonibeba. Ukija na zilizo chini ya 40 utafika, ila viganja vitakulalamikia usiku kucha. Wapo wanaoshikilia kwamba njia hii ni ya baiskeli za milimani zenye shokapu, basi. Sikubaliani nao hata kidogo! Uzito huo ungeninyima wepesi wa kupanda, na hapa kupanda ndiko kwingi.

Kwingi mno. Vilima vimebanana kama mayai kwenye trei, na ufuo umechanikachanika kuwa maghuba na rasi. Kila ghuba ina kijito chake, kila kijito kina daraja lake, na kila daraja lina mlima wake wa kulipia. Unashuka hadi majini, unavuka, unaanza tena: gia ya mwisho, pumzi ya tumbo, jasho linatiririka kwenye usukani. Halafu unafika begani mwa kilima, migomba inafunguka, na Kivu lote liko chini yako na visiwa vyake, maji yameng'aa, na ng'ambo milima ya Kongo imejipanga buluu nyuma ya buluu. Nilipiga kelele! Nilipiga kelele peke yangu juu ya kilima, na mtoto aliyekuwa akichunga mbuzi akanijibu kwa kelele yake.

Mteremko mmoja wa kuelekea Kinunu sitausahau. Mbele yangu alikuwa mzee mwenye baiskeli ya chuma isiyo na gia, mikungu ya ndizi imefungwa nyuma kwa kamba za mpira. Breki yake ilikuwa mguu: soli ya kandambili iliyokatwa kwenye tairi kuukuu, ameikandamiza kwenye gurudumu, inatoa mlio mfupi kila anapoikaza. "Mwiriwe, mzee!" nikamwamkia. Akageuza shingo kidogo tu, akajibu kwa Kiswahili safi cha watu wa mpakani: "Taratibu kijana, kona ile ina mchanga." Kweli ilikuwa nao. Nikamfuata kona kwa kona, nikiweka tairi zangu pale alipopitisha zake, na kila alipopita ndipo palipokuwa pagumu na salama. Nina breki za diski za mafuta, mwenzangu ana kandambili, na aliyekuwa akifundisha ni yeye.

Kinunu penyewe, simameni! Ni eneo la kahawa, na mashine ya kuoshea iko huko huko ziwani. Meza ndefu za nyavu zimetandazwa mteremkoni, buni zimeanikwa zikiwa bado na ngozi yao ya rangi ya krimu, na akina mama wamesimama pande zote mbili wanachambua. Tazama vidole: kiganja kinakokota fungu, dole gumba linatawanya, buni iliyovunjika au yenye doa inarushwa pembeni kabla jicho lako halijaiona. Hewa ina ukali mtamu wa maganda yaliyochachuka. Nilikunywa kikombe nikiwa nimeketi juu ya jiwe, miche ya kahawa hiyohiyo ikiwa nyuma yangu. Juu zaidi, kwenye baridi, ni chai. Chini karibu na maji ni kahawa, ndizi na maharage. Ukipanda na kushuka kutwa nzima unaipitia orodha hiyo mara nyingi, na miguu inajua uko wapi kabla ya macho.

Jioni wavuvi hutoka. Mitumbwi mitatu imeunganishwa kwa magogo, miti mirefu ya kushikia nyavu imechomoza mbele na nyuma, na wanaimba wakipiga makasia, sauti inavuka maji hadi barabarani. Wanafuata sambaza, samaki wadogo walioletwa Kivu kutoka Tanganyika miaka ya 1950, ambao leo ndio kitoweo cha mwambao mzima. Karongi niliwala wakiwa wamekaangwa wakakauka, wazima wazima na vichwa vyao, kwa limau na pilipili, na sioni aibu kusema niliagiza sahani ya pili. Ziwa hilihili lina methani iliyoyeyuka vilindini, na tangu 2016 mtambo wa KivuWatt ulioko karibu na Karongi unaivuta juu na kuzalisha megawati 26 za umeme. Huenda taa iliyonimulikia sahani ilikuwa ikiwaka kwa gesi ya ziwa lililonipa samaki!

Septemba 2025 Kigali iliandaa mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani, mara ya kwanza kufanyika katika bara la Afrika, na Tadej Pogačar akaondoka na ushindi wa wanaume. Kamera zililenga milima ya jiji, na ilikuwa haki yake. Lakini naamini kwa moyo wote kwamba barabara tamu kuliko zote nchini humo iko magharibi, haina utepe wala jukwaa, na imekuwapo muda wote.

Machache ya kujipanga. Juni hadi Agosti ndio msimu: udongo umekauka, vumbi lipo lakini linavumilika. Masika ya Machi hadi Mei hugeuza murram kuwa gundi, na gundi hiyo huziba uma wa mbele mpaka gurudumu linakataa kuzunguka. Bebeni tiubu za akiba. Fundi wa pancha utampata karibu kila senta, chini ya mti na karai lake la maji, na kiraka chake hakibanduki, ila saizi yako hana. Mifuko ya plastiki acheni nyumbani, Rwanda iliipiga marufuku tangu 2008. Jumamosi ya mwisho wa mwezi asubuhi ni umuganda, kazi ya pamoja. Maduka yamefungwa, watu wako nje na majembe, kwa hiyo beba chakula chako na usiwe na haraka. Kurudi ni rahisi: panda basi Karongi kwa njia ya lami, baiskeli ifungwe vizuri.

Na tafadhali, anzeni Rubavu, msianzie Karongi! Rwanda huendeshwa kulia, tofauti na kwetu. Ukielekea kusini, ziwa nalo liko kulia. Maana yake ukingo wako wa barabara ndio ukingo wa Kivu: hakuna atakayekupita upande huo, hakuna cha kukukinga macho, na kila ghuba inapofunguka inafungukia kwako wewe kwanza.