Damu Nzito Kuliko Maji? Imani na Mapenzi katika The Shunning

Mwenzangu wa bwenini ndiye aliyenitupia kitabu hiki kitandani. "Soma," akasema, "ni riwaya ya mapenzi lakini safi, hata mchungaji hawezi kukunyang'anya." Nilikisoma kwa siku mbili. Nilipomrudishia aliuliza nimeonaje, na kabla sijajibu akajijibu mwenyewe: "Si unaona? Damu nzito kuliko maji." Hapo tukaanza kubishana mpaka taa zikazimwa. Makala haya ni huo ubishi, ila safari hii nazungumza peke yangu.

Riwaya yenyewe ni The Shunning ya Beverly Lewis, mwandishi Mmarekani. Ilitolewa na Bethany House mwaka 1997, na ndiyo ya kwanza kati ya tatu zinazosimulia habari za Katie Lapp. Mandhari ni Lancaster, katika jimbo la Pennsylvania, miongoni mwa Waamishi wa Utaratibu wa Kale: watu wa gari la farasi, taa za mafuta na nguo zisizo na mapambo. Katie ni binti wa miaka 22 anayekaribia kuolewa na askofu wa kanisa lao, mgane mwenye watoto. Moyo wake bado uko kwa Daniel, kijana anayedhaniwa amekufa maji, ambaye alikuwa akiimba naye na kupiga gitaa, chombo kisichoruhusiwa na kanuni za ushirika. Siku moja Katie anakuta darini gauni la mtoto mchanga, la satini. Satini kwa Waamishi! Kumbe alichukuliwa kwa watu wa nje na kulelewa. Siku ya harusi anakimbia, anakataa kutubu, na kanisa linamtenga.

Wahakiki wengi wa riwaya za namna hii hutosheka kuuliza kama ni safi au si safi. Swali hilo ni la mzazi, si la mhakiki. Mimi nauliza: imani inafanya kazi gani katika hadithi hii? Je, imani ndiyo inayosukuma matukio, au ni kofia tu ya kitambaa aliyovikwa mhusika ili jalada lipendeze?

Kwanza nimpe mwandishi haki yake. Amefaulu sana kuonyesha kutengwa kama jambo la jikoni na mezani badala ya hukumu ya mahakama: nani ale na nani, nani apokee kitu mkononi mwa nani. Mama mlezi, Rebecca, ni mhusika aliyechorwa kwa huruma. Anampenda mtoto na analiogopa kanisa, na vyote viwili ni kweli. Hapo hata mimi nilifunika kitabu kidogo.

Tatizo liko kwenye lile gauni. Ili tulione, hebu turudi nyuma kidogo kwenye historia. Waamishi ni tawi la Waanabaptisti, watu walioanza kubatizana upya huko Zürich mwaka 1525. Walidai kwamba mtoto mchanga hawezi kubatizwa, kwa kuwa imani haizaliwi nayo mtu; lazima aichague akiwa na akili zake. Kwa dai hilo waliuawa. Mwaka 1527 Felix Manz alizamishwa mtoni Zürich, adhabu ya maji kwa kosa la maji. Wafuasi wa Jakob Ammann walijitenga mwaka 1693, sababu mojawapo ikiwa ni kwamba Ammann alitaka kutengwa kutekelezwe kwa ukali zaidi. Lakini mpaka leo wanashikilia jambo lile lile: mtoto wa Waamishi si mshirika wa kanisa mpaka aape mwenyewe, kwa kawaida mwishoni mwa ujana wake. Ndiyo maana asiyebatizwa akiondoka hatengwi. Anayetengwa ni yule aliyeapa kisha akavunja kiapo.

Sasa tazama anachofanya Lewis. Katie amebatizwa, ameapa. Kwa nini basi hatulii? Angeweza kuwa na shaka juu ya mafundisho, au kuona dhuluma, au kuisoma Biblia akafikia mahali pengine. Mbegu za mambo hayo zimo, lakini uzito wote wa msuko umewekwa juu ya damu. Ile kiu ya nyimbo na vitu vya kupendeza, ambayo tangu mwanzo haieleweki, inaelezwa na gauni: ni ya mama mzazi, mwanamke tajiri wa New York anayemtafuta mwanawe kabla hajafa. Maana yake ni kwamba Katie hakuwa Mwamishi tangu kuzaliwa, na eti ndiyo sababu Uamishi haukumkaa. Bila kutaka, mwandishi amekirudishia kitanda cha uzazi kile ambacho Waanabaptisti walikufa wakikiondoa hapo.

Mtu atasema nadai makubwa mno kwa riwaya ya mapenzi. Sidai. Mwaka 1940 Joseph Yoder alitoa Rosanna of the Amish, masimulizi ya maisha ya mama yake. Rosanna alizaliwa na Waayalandi Wakatoliki, mama yake akafa, akalelewa na mwanamke wa Kiamishi huko huko Pennsylvania. Baadaye ndugu wa damu wanajitokeza, naye anaujua mji na mavazi yao. Anaamua kubaki, anabatizwa, anaolewa. Visa viwili hivi vinafanana: mtoto wa nje, mlezi wa ndani, damu inayoita. Yoder anaiacha damu iite kisha anamwachia mhusika kujibu. Kwa Lewis damu ikishaita, jibu tayari limepatikana.

Mwenzangu alinibana: "Lakini Katie naye anachagua. Kuondoka si uchaguzi?" Hoja nzuri, na ilinikosesha usingizi. Ingekuwa hivyo kama angeondoka kwa dhamiri, kama Manz. Na ajabu ni kwamba mwandishi alikuwa na hadithi ya namna hiyo nyumbani kwao. Bibi yake mzaa mama aliwaacha Wamennonite wa Utaratibu wa Kale ili aolewe na mwanafunzi wa chuo cha Biblia. Bibi huyo hakukuta gauni lolote darini. Aliondoka akijua anachokiacha na kwa sababu gani. Nadhani hiyo ingekuwa riwaya ngumu zaidi, na nzuri zaidi.

Kwa nini basi gauni lilishinda? Nadhani ni kwa ajili ya msomaji. Baada ya The Shunning riwaya za Waamishi zilienea mno. Mtafiti Valerie Weaver-Zercher, katika kitabu chake cha mwaka 2013, alionyesha kwamba mwaka 2012 ilitoka riwaya mpya takriban kila siku 4. Wasomaji wengi ni wanawake Wakristo wasio Waamishi. Mhusika mwenye damu ya nje ni mlango wao: wanaingia naye, wanakula mkate, wanavutiwa na utulivu, kisha wanatoka naye bila kulipa. Haina maana Waamishi hawawezi kujisemea. Linda Byler, mshirika wa kanisa la Kiamishi, anaandika riwaya zake mwenyewe.

Msomaji wa hapa asiseme haya ni ya Wazungu wa mbali. Wamishonari walioanzisha Kanisa la Mennonite pale Shirati, Mara, mwaka 1934, walitumwa kutoka Lancaster hiyo hiyo, na Wamennonite na Waamishi ni ndugu wa shina moja.

Nami ninayo sababu yangu. Nililelewa na mwanamke asiye ndugu yangu wala wa kabila langu. Hakuna gauni lililofichwa. Nilijua tangu mtoto. Kila nilipokosea, jirani hawakukawia kusema, "Si damu yake, utafanyaje." Yeye hakuwahi kuyasema hayo. Alinipiga pale nilipostahili, na alinipikia hata nisipostahili. Riwaya inayosema mtu hatimaye huwa kile alichozaliwa inawapa haki wale majirani.

Kwa hiyo kitabu nimekirudisha, na namwambia mwenzangu hivi: ni kisafi kweli, na kina machozi ya kweli. Lakini imani ya watu kinaowasimulia iko majini, kwenye kiapo cha mtu mzima, nacho kimeitafuta kwenye damu. Methali yako naijua. Wale wa Zürich nao waliijua, wakaingia majini vilevile.